Nani Amemtendea Nani Nini? Nomino Zinazogeuzwa Vitenzi katika Kiingereza cha Biashara

1. Utangulizi

Miongoni mwa malalamiko yanayotolewa mara kwa mara na wapenzi wa lugha ya Kiingereza ni kwamba watu wa biashara wanaiharibu lugha hiyo kwa kuchukua nomino na kuzitumia kama vitenzi. Nomino "impact", yenye maana ya mgongano au athari, imekuwa kitenzi. Nomino "action", yaani tendo, nayo imekuwa kitenzi: karani huarifu kwamba hati fulani imekwisha kufanyiwa "action", wala haelezi kama imesomwa, imejibiwa au imetupwa. Orodha ni ndefu, na kila mwaka huongezeka.

Msomaji wa jarida letu anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi tunaochunguza Kiswahili katika Kongo? Yanatuhusu kwa sababu Kiingereza hicho kimeingia katika ofisi zetu pamoja na makampuni na mashirika yanayokitumia, na mara nyingi ni mwalimu au mwanafunzi wa Kiswahili anayeombwa kukifasiri. Miaka michache iliyopita mzee mmoja, jirani yetu hapa Lubumbashi, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya kigeni inayotoa huduma kwa machimbo, alituletea barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Barua hiyo haikusema kwamba kampuni inamwachisha kazi. Ilichukua nomino "transition", yenye maana ya kupita kutoka hali moja hadi nyingine, ikaivisha umbo la kitenzi katika kauli ya kutendwa: yeye na wenzake wangefanyiwa "transition" mwishoni mwa mwezi. Tulipomfasiria neno kwa neno, alituuliza: "Mwalimu, napitishwa kwenda wapi? Na ni nani anayenipitisha?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa barua yenyewe haikuwa nalo.

Makala haya yanakusudia kulipima lalamiko tulilolitaja kwa mizani ya swali la mzee huyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba walalamikaji wengi wameuona ugonjwa lakini wamekosea kutaja chanzo chake. Kugeuza nomino kuwa kitenzi ni uwezo halali na wa kale wa lugha ya Kiingereza. Jambo linalostahili kuhukumiwa ni matumizi ya uwezo huo kwa namna inayomnyima msomaji haki ya kujua nani amemtendea nani nini.

2. Chanzo cha uwezo huo

Katika Kiingereza cha kale, nomino na kitenzi vilitofautishwa kwa miishio yao. Upendo uliitwa "lufu", na kupenda "lufian". Jibu liliitwa "andswaru", na kujibu "andswarian". Mwisho uliitwa "ende", na kumaliza "endian". Kadiri karne zilivyopita, miishio hiyo ilidhoofika, kisha ikatoweka. Nomino na kitenzi vikabaki na umbo moja: "love", "answer", "end". Msemaji alipozoea kuona neno moja likifanya kazi mbili, hakuona sababu ya kutofanya vivyo hivyo na nomino ambazo hazikuwahi kuwa na kitenzi chake. Wanaisimu huuita utaratibu huu unyambulishaji sufuri, kwa maana kwamba neno hupewa kazi mpya bila kuongezewa mofimu yoyote inayosikika.

Ushahidi wa kawaida kabisa ni majina ya viungo vya mwili. Mwingereza hutumia neno la mkono kama kitenzi cha kumpa mtu kitu, neno la kichwa kama kitenzi cha kuongoza, neno la bega kama kitenzi cha kubeba mzigo, na neno la kiwiko kama kitenzi cha kusukuma watu ili kujipatia njia. Hakuna anayeona ajabu. Waandishi wakubwa nao hawakujizuia. Katika tamthilia ya Richard II, Shakespeare alimfanya Mtawala wa York aligeuze neno lenye maana ya baba mdogo kuwa kitenzi, apate kumkemea mtoto wa ndugu yake aliyekuwa akimbembeleza kwa heshima ya kinafiki. Steven Pinker, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu silika ya lugha, ametaja makadirio kwamba sehemu moja ya tano hivi ya vitenzi vya Kiingereza vilianza maisha yao kama nomino.

Kiswahili nacho huzalisha vitenzi kutoka katika nomino na vivumishi, lakini kwa njia nyingine. Sisi hatuwezi kulichukua neno likiwa uchi. Ni lazima tulivishe. Kutoka taifa tunapata taifisha. Kutoka orodha, orodhesha. Kutoka hatari, hatarisha. Kutoka safi, safisha. Mofimu ya kutendesha husikika, nayo hutangaza kwamba yuko mtendaji anayesababisha hali fulani kwa kitu au kwa mtu. Tofauti hii itatufaa huko mbele.

3. Malalamiko ya zamani na hatima yake

Lalamiko dhidi ya vitenzi vya namna hii halikuzaliwa jana. Tarehe 26 Desemba 1789, miezi michache kabla ya kufariki, Benjamin Franklin alimwandikia barua Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, akimwomba atumie mamlaka yake kuvikemea vitenzi vipya alivyovikuta aliporudi kutoka Ufaransa. Miongoni mwake vilikuwamo "notice", yaani kutambua jambo. "Advocate", yaani kutetea. Na "progress", yaani kuendelea. Leo hakuna mwalimu wa Kiingereza anayeweza kumsahihisha mwanafunzi kwa kutumia vitenzi hivyo vitatu. Franklin alikuwa mchapishaji, mwanasayansi na balozi. Alikijua Kiingereza vizuri. Hata hivyo, lugha haikumsikiliza.

Mfano wa karibu zaidi ni kitenzi "contact", yaani kuwasiliana na mtu, ambacho kilienea katika karne ya 20 kupitia ofisi na biashara. Kamusi iitwayo The American Heritage Dictionary ilikuwa na jopo la waandishi na wasomi waliokuwa wakiulizwa maoni yao kuhusu matumizi yenye utata. Mwaka 1969, asilimia 34 tu ya wanajopo walikikubali kitenzi hicho. Mwaka 1988 waliokikubali walikuwa asilimia 65, na mwaka 2004 walifika asilimia 94. Kitenzi kilikuwa kilekile. Masikio ndiyo yaliyobadilika.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba chuki ya sikio si kipimo cha kutosha. Neno linalokera leo linaweza kuwa la kawaida baada ya miaka 30. Pili, kwamba mhakiki anayesema "neno hili ni baya kwa sababu ni jipya" anajiweka katika hatari ya kuchekwa na wajukuu wake. Tena mara nyingine neno hata si jipya. Kitenzi "impact", kinachoshutumiwa sana, kilikuwa kikitumika kwa maana ya kusukumiza na kubana mwanzoni mwa karne ya 17, kabla nomino yake haijaonekana katika maandishi. Daktari wa meno angali anakitumia kwa maana inayokaribia hiyo, anapozungumzia jino lililobanwa ndani ya ufizi. Yule anayedai kwamba nomino hiyo imegeuzwa kitenzi juzi tu anaonyesha kwamba hakuitazama kamusi.

Basi, ikiwa upya wa neno hautoshi kulihukumu, tutumie kipimo gani?

4. Maana ya kitenzi kipya hutoka wapi?

Mwaka 1979, Eve Clark na Herbert Clark walichapisha katika jarida la Language uchunguzi wao kuhusu nomino zinazotokea kama vitenzi. Hoja yao kuu ni muhimu kwetu. Walionyesha kwamba maana ya kitenzi kipya cha aina hii haimo yote ndani ya neno. Msikilizaji huikamilisha kwa kutumia mazingira na maarifa anayoshirikiana na msemaji. Nomino hutaja kitu tu. Uhusiano wa kitu hicho na tendo huachiwa msikilizaji aukisie.

Tazama mifano ya jikoni. Kitenzi kinachotokana na nomino ya siagi maana yake ni kupaka siagi, yaani kuongeza. Kinachotokana na nomino ya ngozi maana yake ni kuchuna, yaani kuondoa. Kitenzi cha chupa ni kutia ndani ya chupa. Kitenzi cha maziwa ni kukamua. Kitenzi cha vumbi kina maana mbili zinazopingana: mtu anaweza kufuta vumbi juu ya meza au kunyunyizia keki unga wa sukari, na neno ni lilelile. Vivyo hivyo kwa mbegu: kupanda mbegu shambani, au kutoa mbegu ndani ya tunda. Jikoni hakuna anayekosea, kwa kuwa keki iko mbele ya macho ya wote.

Lakini mkutano si jiko. Nomino "table", yaani meza, imekuwa kitenzi cha mikutano pande zote mbili za Atlantiki. Kwa Mwingereza, kukifanyia kitenzi hicho hoja fulani ni kuiweka mezani ijadiliwe. Kwa Mmarekani, ni kuiweka kando isijadiliwe. Winston Churchill, katika juzuu ya tatu ya historia yake ya Vita Vikuu vya Pili iliyotoka mwaka 1950, anasimulia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka hati yao ya dharura ishughulikiwe, nao wenzao wa Marekani wakafikiri kwamba wanaombwa kuitia ndani ya mtoto wa meza na kuisahau. Walibishana kwa muda mrefu, tena kwa hasira, kabla ya kugundua kwamba walikuwa wakitaka jambo lilelile. Kiswahili kingewafumbua macho mapema zaidi. Kwetu sisi meza ni nomino, na kumeza ni kitenzi kingine kabisa, kisicho na udugu nacho. Anayesema kwamba wakubwa wameimeza hoja ataeleweka upesi kuwa hoja hiyo haitaonekana tena.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa kanuni. Kitenzi kilichozaliwa na nomino hufaa pale ambapo mwandishi na msomaji wanaviona vitu vilevile. Kadiri mazingira yao yanavyotengana, ndivyo kitenzi hicho kinavyozidi kuwa fumbo. Sasa barua ya biashara, kwa asili yake, huandikwa na mtu aliye mbali kwa mtu asiyemjua. Ndiyo kusema kwamba Kiingereza cha biashara kinautumia uwezo huu mahali ambapo masharti ya kueleweka kwake ni haba.

5. Makundi matatu ya vitenzi vya ofisi

Si haki kuvitia vitenzi vyote vya ofisi katika kapu moja. Tunapendekeza kuvigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la vitenzi vinavyojaza pengo. Nomino "chair", yaani kiti, imetoa kitenzi cha kuongoza mkutano. Nomino "invoice", yaani ankara, iliyotokana na neno la Kifaransa la vitu vilivyotumwa, imetoa kitenzi cha kumpelekea mtu ankara. Nomino "budget", ambayo asili yake ni kifuko kidogo cha ngozi katika Kifaransa cha kale, imetoa kitenzi cha kupanga matumizi ya fedha. Katika kila mfano tendo linajulikana, mtendaji anajulikana, na neno moja limeshika nafasi ya maneno manne. Hapa hatuna la kulaumu. Humo pia yamo majina ya biashara. Google iliingia katika kamusi kubwa kama kitenzi cha kutafuta habari kwenye intaneti mwaka 2006. Ni jambo la kuangaliwa kwamba makampuni, yanayozigeuza nomino za watu wote bila kuomba ruhusa, huogopa yanapogeuziwa nomino zao, maana jina la biashara likiwa neno la kila mtu linaweza kupoteza ulinzi wa sheria. Kampuni ya Xerox ilitoa matangazo ya kuwasihi watu wasilitumie jina lake kama kitenzi cha kutoa nakala. Suala la Google lilifika hadi mahakama ya rufaa ya Marekani, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba kutumiwa kwa jina kama kitenzi hakutoshi peke yake kulifanya lipoteze ulinzi huo. Basi wenye mali wanajua sana kwamba kitenzi kina nguvu.

Kundi la pili ni la vitenzi vinavyozunguka njia ndefu na kurudi pale pale. Mfano wake bora ni "leverage". Msomaji anayejua Kifaransa ataitambua safari yake mara moja. Kulikuwa na kitenzi cha kuinua, "lever". Kikazaa nomino ya mtaimbo wa kuinulia mizigo. Kiingereza kikaichukua nomino hiyo, kikaiongezea kiambishi, kikapata "leverage", yaani nguvu inayopatikana kwa kutumia mtaimbo. Kisha, katika karne ya 20, nomino hiyo ikafanywa kitenzi. Kitenzi kimezaa nomino, nomino imezaa nomino, na mjukuu amerudi kuchukua kazi ya babu. Katika fedha neno hilo lilikuwa na maana halisi: kununua mali kwa fedha za mkopo, ambapo faida huongezeka na hatari huongezeka pia. Kwa njia hiyo kampuni ya RJR Nabisco ilinunuliwa, kwa mapatano ya mwaka 1988, kwa dola zipatazo bilioni 25. Lakini leo msimamizi wa ofisi hukitumia kitenzi hichohicho kwa maana ya "tumia" tu: anataka wafanyakazi watumie ujuzi wao, basi husema wauinulie mtaimbo. Deni limetoweka katika neno, na hatari imetoweka pamoja nalo. Kilichobaki ni sauti ya ukubwa. Hali kadhalika kitenzi cha "action" hakisemi lolote zaidi ya vitenzi vya zamani vya kutenda na kufanya, ambavyo vingali hai na vina afya.

Hapa inafaa kumkumbuka George Orwell, ambaye katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza alilaumu kinyume cha jambo hili: waandishi waliokiacha kitenzi chepesi na kukibadili kuwa mafungu marefu yenye nomino ndani yake. Tukiviweka pamoja, tunauona mzunguko wote. Kwanza ofisi inavigeuza vitenzi kuwa nomino, mpaka sentensi inakosa tendo. Kisha, kwa kuwa sentensi haiwezi kuishi bila kitenzi, ofisi inazishika nomino zilezile na kuzisukuma zirudi kuwa vitenzi. Kinachopotea katika safari hiyo ya kwenda na kurudi ni mtu, yule aliyetenda na yule aliyetendewa.

Kundi la tatu, lililo la hatari, ni la vitenzi vinavyoficha. Kitenzi "impact", kwa maana yake ya siku hizi, kinasema kwamba kitu kimegusa kitu kingine, lakini hakisemi kama kimekinufaisha au kimekidhuru. Tuseme ripoti inaeleza kwamba vijiji kadhaa vilivyo karibu na chimbo vimefanyiwa "impact". Msomaji aliye katika makao makuu ng'ambo anaweza kusoma habari njema. Mwanakijiji aliyepoteza shamba lake ataambiwa kwamba ripoti imemtaja. Wote wawili wamesoma neno lilelile. Na kitenzi cha "transition", alichoandikiwa mzee wetu, kinafanana nacho. Kinaonyesha mwendo, na mwendo husikika vizuri. Lakini hakina mahali pa kwenda, na katika kauli ya kutendwa hakina wa kuuanzisha.

6. Mizani ya tafsiri

Ni hapa ambapo Kiswahili kinaweza kutoa mchango katika uhakiki wa Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake kiambishi cha mtenda, cha wakati, na mara nyingi cha mtendwa; baada ya mzizi huja viambishi vya kauli. Neno moja "wamemhamisha" linatuambia kwamba wako watu wengi, kwamba jambo limekwisha kufanyika, kwamba aliyetendewa ni mtu mmoja, na kwamba wao ndio waliosababisha ahame. Anayetaka kukifasiri kitenzi cha "transition" analazimika kujibu maswali hayo kabla hajaandika silabi ya kwanza. Akishindwa kuyajibu, kosa haliko kwake. Ametambua kwamba sentensi aliyopewa ina tundu.

Kwa kitenzi "impact", mfasiri hukimbilia "athiri". Tunashauri asikimbie haraka. Yako maneno "nufaisha", "dhuru", "hamisha", "pokonya", "tajirisha", "chafua". Arudi kwa aliyemletea hati amwulize: ni lipi kati ya haya? Swali hilo moja linaweza kuwa na faida kuliko tafsiri yenyewe.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Kiswahili kina maficho yake. Kauli ya kutendwa inaruhusu kusema "imeamuliwa kwamba", bila kumtaja aliyeamua. Kauli ya kutendeka imefunga mlango zaidi: "fedha zimepotea", "hati zimechanika", na hapo hata nafasi ya kumtaja mtenda hakuna. Katika maandishi ya mashirika tumezoea pia kuandika "kufanya ukaguzi" badala ya kukagua, na "kutoa msaada" badala ya kusaidia. Yaani tumeanza safari ileile aliyoilaumu Orwell. Na kitenzi "wezesha", kilichokuwa na maana nzuri ya kumpa mtu uwezo, siku hizi kinaweza kumaanisha kufundisha, kulipa posho, kusafirisha au kununulia chakula, kwa jinsi atakavyo mwandishi wa ripoti.

Tena, historia ya Kongo imetufundisha kwamba kitenzi kilichozaliwa na nomino kinaweza kuhamisha mali. Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali za Union Minière du Haut-Katanga zilitaifishwa, na kampuni iliyotokana na tendo hilo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Mtu anaweza kulisifu au kulilaumu tendo hilo, lakini kitenzi chake kilikuwa wazi: mali imetoka kwa fulani, imekwenda kwa taifa. Haikuwa hivyo kwa kitenzi cha Kifaransa "zaïrianiser", kilichotokana na jina la nchi, na kilichotawala maisha ya biashara baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973. Maduka, mashamba na karakana za wageni zilifanyiwa kitenzi hicho. Kwa umbo lake, kilidai kwamba mali inakwenda kwa Zaire nzima. Kwa kweli ilikwenda kwa watu waliochaguliwa, walioitwa "acquéreurs", na wengi wao walikuwa karibu na wakubwa. Bidhaa ziliadimika, biashara zilianguka, na katika miaka ya 1975 na 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenye mali wa kwanza sehemu ya mali zao. Kitenzi kile kilikuwa kimetaja nchi ili kisiwataje watu. Basi mtu wa Lubumbashi anapokutana na vitenzi vya Kiingereza cha biashara hakutani na kitu kigeni kabisa. Amewahi kukiona kwa sura nyingine.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiingereza kimezigeuza nomino kuwa vitenzi kwa karne nyingi, kwamba waliopinga kwa sababu ya upya peke yake walishindwa, na kwamba vitenzi vingi vya ofisi ni vya halali na vya manufaa. Tumeona pia kwamba viko vinavyozunguka bure, na viko vinavyoficha. Kwa mhakiki, na hasa kwa mfasiri, tunapendekeza maswali matatu. Je, kitenzi hiki kinataja tendo ambalo halikuwa na jina? Je, msomaji wake anayajua mazingira yanayokikamilisha? Je, kinamruhusu kujua aliyetenda na aliyetendewa? Kikijibu ndiyo mara tatu, tukipokee hata kama kinakera sikio. Kikijibu hapana kwa swali la tatu, tukikatae hata kama kimo katika kamusi zote.

Swali hilo la tatu si la wanaisimu pekee. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, iliyotolewa kwa sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inadai kwamba mwajiri anayeuvunja mkataba wa kazi aarifu kwa maandishi na ataje waziwazi sababu yake. Sheria hiyo imeandikwa kwa lugha ya vitenzi vyenye wenyewe: mwajiri anavunja, mwajiri anaarifu, mwajiri anataja. Barua isiyotamka kwamba kuna aliyevunja mkataba haiwezi kutamka kwa nini umevunjwa.

Tuliichukua tena barua ya jirani yetu, tukaiacha tafsiri ya neno kwa neno, tukamwambia: "Papa, kampuni inakuachisha kazi mwishoni mwa mwezi huu, wala haikusema sababu." Alinyamaza kidogo. Kisha akaikunja barua, akauliza ofisi ya ukaguzi wa kazi hufunguliwa saa ngapi.